Kipaji cha Olajuwon, Akili ya Jokić

Tangu Denver Nuggets walipotwaa ubingwa wa ligi ya NBA ya Marekani mwaka 2023, wapenzi wa mpira wa kikapu hawajaacha kubishana juu ya nafasi ya Nikola Jokić miongoni mwa wachezaji wa kati wa nyakati zote. Wapo wanaomweka juu ya Hakeem Olajuwon, aliyewapa Houston Rockets ubingwa mara mbili, mwaka 1994 na mwaka 1995. Wapo wanaokataa katakata. Ubishi wenyewe haunichoshi. Mimi ni mzee mstaafu. Wajukuu hunionyesha michezo ya sasa na ile ya zamani, nami ninao muda wa kutosha wa kuitazama. Lakini kadiri ninavyowasikiliza wabishi, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kabla ya kuwapima wachezaji hawa wawili, yafaa tuyapime kwanza maneno tunayowapimia.

Maneno yenyewe ni haya. Akisifiwa Olajuwon, utasikia kwamba alijaliwa mwili wa ajabu, alikuwa mwepesi kama swala, alikuwa na kipaji cha kuzaliwa. Akisifiwa Jokić, utasikia kwamba ana akili, anausoma mchezo, anaona jambo kabla wenzake hawajaliona. Mmoja kawa mwili, mwingine kawa kichwa. Mmoja kapewa, mwingine kafikiri. Na tukumbuke kwamba huyo wa kwanza ni Mwafrika wa Lagos, na huyo wa pili ni Mzungu wa Sombor, mji mdogo wa Serbia. Sisemi kwamba kila anayesema hivyo ana nia mbaya. Wengi hurithi maneno kama tunavyorithi vyombo vya nyumbani, bila kuuliza nani alivinunua. Ninachosema ni kwamba mgawanyo huu hauna ushahidi katika mchezo wenyewe, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Kwa faida ya msomaji asiyefuatilia sana, niwaeleze kwa ufupi. Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963, wazazi wake wakiwa wafanyabiashara wa saruji. Alisoma Muslim Teachers College ya hapo Lagos, jambo ambalo mimi, niliyemaliza utumishi nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, sikosi kulitaja. Michezo yake ya awali ilikuwa soka, akiwa golikipa, na mpira wa mikono. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa tayari kijana wa sekondari, umri ambao wenzake wa Marekani walikuwa wameucheza nusu ya maisha yao. Mwaka 1980 alikwenda Chuo Kikuu cha Houston, na mwaka 1984 akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA, katika uteuzi uleule ambao Michael Jordan alichaguliwa wa tatu.

Jokić alizaliwa mwaka 1995, mwaka ambao Olajuwon alitwaa ubingwa wake wa pili. Alikuwa kijana mnene, mpenda soda, mpenda farasi wa mashindano. Denver walimchagua mwaka 2014 akiwa wa 41, na jina lake lilipotajwa, televisheni ilikuwa ikionyesha tangazo la biashara. Tangu hapo ametwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa NBA mwaka 2021, 2022 na 2024, na katika fainali za 2023 ndiye aliyekuwa mchezaji bora.

Sasa turudi kwenye maneno. Olajuwon alipokuwa chuoni, kocha wake Guy Lewis alimwita "Ndoto", kwa jinsi alivyokuwa akiutia mpira kikapuni kwa wepesi usioaminika. Ni jina zuri, na mwenyewe alilipenda. Lakini hebu tulitafakari. Ndoto humjia mtu akiwa amelala. Haina jasho wala daftari. Mtu akiishaitwa Ndoto, kila alichokitolea jasho kitaonekana kimemshukia usiku. Wahenga wetu walikuwa na tahadhari zaidi waliposema kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Tuutazame ule mchezo wake mashuhuri uliopewa jina la Mtikiso wa Ndoto. Olajuwon anapokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, na mlinzi yuko nyuma yake. Anatikisa bega upande mmoja kana kwamba anakwenda huko. Mlinzi akifuata, yeye anageukia upande wa pili na kutupa. Mlinzi asipofuata, anageukia upande uleule aliouonyesha. Akiishageuka, anauinua mpira kama anayetaka kutupa. Mlinzi akiruka, anachomoa mguu na kupita chini ya mkono wake. Mlinzi asiporuka, mpira unatupwa kweli. Msomaji na ahesabu ni maswali mangapi yameulizwa hapo kwa muda wa pumzi moja, na kila jibu la mlinzi limekwisha kuandaliwa adhabu yake. Miguu haiwezi kufanya hayo peke yake. Kuna mtu anayemsoma mlinzi kwa mgongo, kwa kuhisi uzito wake umeegemea wapi, naye ndiye anayeiamuru miguu.

Mfano mkubwa ni mwaka 1995, katika fainali ya kanda ya magharibi dhidi ya San Antonio Spurs. Aliyemlinda alikuwa David Robinson, Mchezaji Bora wa NBA wa msimu uleule. Robinson alikuwa mrefu kama Olajuwon, mwepesi kama yeye, na kwa misuli pengine alimzidi. Kama jambo lingekuwa la mwili, wawili hawa wangetoka sare. Lakini katika michezo ile sita Olajuwon alifunga wastani wa zaidi ya pointi 35, na Houston wakashinda minne. Mara kwa mara utamwona Robinson ameruka wakati mwenzake bado yuko chini, au amegeukia kule ambako mwenzake hayuko. Miili miwili iliyolingana ilikutana, na iliyoshinda ni ile iliyokuwa na hoja zaidi.

Je, hoja hizo alizaliwa nazo? Sehemu yake aliichukua golini, ambako kijana hujifunza kusimama juu ya vidole na kutazama nyonga za mpigaji badala ya macho yake. Sehemu nyingine aliipata katika ukumbi wa Fonde mjini Houston, alikokuwa akikutana na Moses Malone wakati wa mapumziko ya kiangazi. Malone alikuwa tayari amewahi kuwa Mchezaji Bora wa NBA, mtu mzito asiyemhurumia mwanafunzi. Kijana yule wa Lagos alisukumwa, akaangushwa, na kesho yake akarudi. Huo si usingizi wa kuotea ndoto.

Upo pia ushahidi mdogo ambao mimi, kwa tabia ya ualimu, naupenda kuliko mwingine wote. Ni mitupo huru, yaani ile anayopewa mchezaji aliyefanyiwa makosa. Pale hakuna mlinzi, hakuna kuruka, na urefu hausaidii kitu. Katika msimu wake wa kwanza, 1984–85, Olajuwon aliingiza takriban mitupo 61 katika kila 100. Kufikia msimu wa 1992–93 alikuwa akiingiza takriban 78. Tofauti hiyo ya 17 haikutoka kwa mama yake. Ni saa za jioni, ukumbi ukiwa mtupu, mtu akirudia jambo lilelile mpaka mkono umekubali. Mwanafunzi akipanda kutoka 61 hadi 78 katika somo lolote, hakuna mwalimu atakayeandika "ana kipaji". Ataandika kwamba amejifunza.

Lakini hoja iliyo kubwa kwangu ni ile ya baadaye, Olajuwon alipokwisha kustaafu. Mwaka 2009 Kobe Bryant, akiwa bingwa mara nne, alimwendea huko Houston ili amfundishe kucheza akiwa amekipa kikapu mgongo. Mwaka 2011 LeBron James, aliyekuwa ametoka kushindwa katika fainali, naye alikwenda kwa shughuli hiyohiyo, na mwaka uliofuata akapata ubingwa wake wa kwanza. Watu wawili waliokuwa kileleni mwa mchezo walimfuata mzee mmoja ili awaelekeze pa kuweka mguu. Mimi nimeishi kwa kuwafundisha walimu, na katika kazi hiyo tulikuwa na kipimo chepesi: kile kinachoweza kuvunjwa vipande, kikaelezwa hatua kwa hatua na kurithiwa na mwingine, ni maarifa. Olajuwon hakuweza kumpa Bryant urefu wake, wala kumpa James damu yake. Alichowapa ni elimu. Kama alikuwa na kipaji tu, wale wakubwa walifuata nini?

Na hapo sijagusa ulinzi, ambao ndio uliokuwa na fikra nyingi zaidi. Katika mchezo wa sita wa fainali za 1994, Houston walikuwa wakiongoza New York Knicks kwa pointi 86 kwa 84, sekunde zikiyoyoma. John Starks wa Knicks alikuwa na mpira, na mtupo wa pointi tatu ungewapa New York ubingwa palepale. Olajuwon alikuwa akimlinda Patrick Ewing. Ewing alipokuja kumwekea Starks kizuizi, Olajuwon alimwacha mtu wake, akatoka mpaka mbali kwenye mstari wa pointi tatu, akanyosha mkono na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Houston wakasalimika, na katika mchezo wa saba wakawa mabingwa. Wengi husifia ule mkono mrefu. Lakini mkono haukuwa pale kwa bahati. Mtu alilazimika kuamua kumwacha Ewing, hatari kubwa kabisa, kwa kuwa alikuwa ameitambua nia ya Starks. Kama hiyo si kuusoma mchezo, basi sijui kusoma ni nini.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mgawanyo huu unamdhulumu Jokić vilevile. Anavyosifiwa akili, mtu asiyemwona atadhani ni karani aliyepotea njia akaingia uwanjani. Jokić ana urefu wa sentimita 211 na uzito unaozidi kilo 120. Ukimweka mgongoni mwako chini ya kikapu, akili yake si jambo la kwanza utakalolihisi. Msimu wa 2020–21 ulikuwa umefupishwa kuwa michezo 72, naye akacheza yote 72. Mwezi Machi mwaka 2025, katika mchezo dhidi ya Phoenix Suns uliokwenda mpaka muda wa ziada, alifunga pointi 31, akadaka mipira 21 iliyorudi, na kutoa pasi 22 zilizozaa vikapu. Kabla yake hakuna mchezaji wa NBA aliyewahi kufikisha 30, 20 na 20 katika mchezo mmoja. Kazi hiyo haifanywi na kichwa peke yake. Inataka mapafu, na inataka vidole laini ambavyo, tukisema kweli, si kila mtu hupewa. Ule mtupo wake wa kuegemea nyuma kwa mguu mmoja, uliopewa jina la mji wake wa Sombor, ni jambo la uzani wa mwili. Hata pasi zake zina asili ya kimwili, kwani utotoni alicheza polo ya majini, mchezo ambao ndani yake mpira hutupwa kwa mkono mmoja huku miguu haina ardhi ya kukanyaga.

Basi, Olajuwon ana kichwa na Jokić ana mwili. Ni jambo la wazi kiasi kwamba kulisema ni karibu aibu. Kwa nini basi nalishikilia? Kwa sababu nimeyaona maneno haya yakifanya kazi mahali ambapo hakuna kombe, nako ni darasani.

Miaka ya ukufunzi wangu nilikuwa nikizungukia shule wakati wa mazoezi ya kufundisha. Desturi yangu ilikuwa kusoma ripoti za wanafunzi kabla ya kumkagua mwalimu. Katika shule moja nilikuta binti mrefu aliyekuwa mfungaji wa timu ya netiboli. Ripoti yake iliandikwa: "Amejaliwa michezo. Darasani ni wa kawaida." Jioni nilimkuta uwanjani nikamwuliza hufanyaje hata asikose. Alinieleza bila kusita kwamba akiwa karibu na nguzo huupandisha mpira juu sana ili ushuke wima, kwa sababu mpira unaoshuka wima huikuta pete ikiwa pana, na ule unaokuja kwa ubapa huikuta pete ikiwa nyembamba. Hilo ni somo la jiometria, na alikuwa amelipata mwenyewe. Mwalimu wake wa hisabati alikuwa akipita pembeni ya uwanja ule kila siku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamini ile ripoti. Akiishaandikwa kuwa "amejaliwa", mtoto huwekwa benchi la nyuma, na mwalimu huacha kumwuliza maswali, kwani anajua tayari kwamba alichonacho hakihitaji kufikiri.

Watu wazima nao hutendewa hivyo. Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi mzima wa NBA, heshima ambayo hakuna mwana wa nchi yetu aliyekuwa ameifikia. Nakumbuka mazungumzo ya vijiweni siku zile. Yalikuwa juu ya urefu wake, na mbali ya urefu wake hayakuwa juu ya kitu. Marehemu Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefariki mwaka 2024, alitwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Ulinzi mara nne. Alikuwa na shahada ya isimu na diplomasia, na alizungumza lugha kadhaa. Lakini mtaje jina lake, na watu watakukumbusha kidole chake alichokuwa akikitikisa baada ya kuzuia mpira. Sisi wenyewe, tena kwa upendo, huwakata watu wetu vichwa.

Baada ya kuyaondoa maneno hayo, sasa yawezekana kuwalinganisha wawili hawa kwa haki. Kwanza tukubali kwamba nyakati si moja. Kabla ya msimu wa 2001–02, sheria za NBA zilikataza timu kulinda kwa kugawana maeneo, hivyo Olajuwon aghalabu alimkabili mtu mmoja kabla msaada haujafika. Jokić hukutana na ulinzi uliojipanga kwa namna nyingi. Kwa upande wa pili, timu za leo hutupa mipira mingi ya pointi tatu, hivyo Jokić amezungukwa na wenzake waliosimama mbali, na njia za pasi zake ziko wazi kuliko zilivyopata kuwa zamani. Anayechukua takwimu za mmoja na kuziweka juu ya za mwingine bila kulitaja hilo anasahihisha mitihani miwili kwa majibu ya mtihani mmoja.

Katika kushambulia, namweka Jokić juu. Katika msimu wa 2024–25 alipata wastani wa pointi 29.6, mipira 12.7 iliyorudi, na pasi 10.2 za kufungisha kwa kila mchezo. Kabla yake ni Oscar Robertson na Russell Westbrook tu waliokuwa wamefikisha wastani wa tarakimu mbili katika mambo yote matatu, na hao walikuwa walinzi wa mbele, si wachezaji wa kati. Olajuwon katika maisha yake yote ya NBA alitoa wastani wa pasi 2.5. Alijifunza kupasia vizuri alipokomaa, na ubingwa wa 1994 ulitokana sana na hilo, lakini hakuwahi kuifanya timu nzima icheze kupitia vidole vyake kama Jokić anavyofanya. Mchezaji wa Denver akikimbia vizuri kuelekea kikapuni anajua mpira utamfikia. Kuwapa wenzako imani hiyo ni jambo kubwa, na mimi sijaona mchezaji wa kati aliyelifanya kumzidi.

Lakini uwanja una pande mbili. Olajuwon alizuia mitupo 3,830, idadi ambayo hakuna aliyeifikia tangu NBA ilipoanza kuihesabu katika msimu wa 1973–74. Mipira aliyopora inazidi 2,000. Na katika msimu mmoja, ule wa 1993–94, alikuwa Mchezaji Bora wa ligi, Mchezaji Bora wa Ulinzi, na mchezaji bora wa fainali. Tuzo hizo tatu kwa pamoja, katika msimu mmoja, hazijachukuliwa na mwingine yeyote. Jokić hudaka mipira vizuri na ana mikono myepesi ya kupora, lakini wapinzani humtafuta kwa makusudi ili wamshambulie. Olajuwon walimkwepa. Mchezaji anayehitaji kufichwa upande mmoja, na mchezaji anayeficha udhaifu wa wenzake wote upande huohuo, hawalingani, hata kama wa kwanza anafanya maajabu upande wa pili. Kwa sababu hiyo, kwa yale yaliyokwisha kuonekana, namweka Olajuwon juu. Si kwa tofauti kubwa, na Jokić akiniongezea ubingwa mwingine au miwili nitaketi tena na kupima upya.

Kijana anayepinga hukumu yangu nitamsikiliza kwa furaha, mradi alete pasi, ribaundi, miguu na maamuzi. Akiniletea "kipaji" upande mmoja na "akili" upande mwingine, nitamwomba aurudishe ule mchezo wa sita wa 1994 na kuusimamisha pale Ewing anapofika kuweka kizuizi. Atazame Olajuwon anaangalia wapi. Halafu autazame ule mchezo wa Phoenix, na kuusimamisha katika muda wa ziada, Jokić akiwa bado anakimbia. Na kama ni mwalimu, kesho aifungue ripoti ya mwanafunzi wake mrefu kuliko wote na kusoma alichomwandikia.